Mashine ya kufyonza moshi wa kuchomelea: inavuma, haivuti

Nyota moja. Huenda nikaibadilisha nikifika mwisho, lakini naanza na moja kwa sababu ya fundi waliyetuletea.

Ni ile ya magurudumu, yenye mkono mmoja (bomba la kuvutia moshi), filta za katriji na feni ya umeme wa fezi tatu. Tangu siku ya kwanza moshi haukufuata mkono. Unauona unapanda wima kutoka kwenye chuma kinachoyeyuka, unajipinda kidogo kuelekea mdomo wa mkono, kisha unapita chini ya kidevu na kuingia ndani ya kofia. Jioni ukipenga kamasi, leso inakuwa nyeusi. Tukamwita fundi wa muuzaji. Akaweka karatasi kwenye mdomo, ikanasa. Akatuonyesha geji, mshale uko kwenye kijani. "Inavuta hii, bosi. Waambie vijana wako wapunguze sigara." Akakusanya vifaa vyake akaondoka.

Hasira bado ninayo. Mwaka 2017 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la 1, kundi lile lile la moshi wa sigara. Anayeuza mashine hizi hana ruhusa ya kutolijua hilo.

Na vipimo vyake vyote viwili havikuwa na maana. Karatasi hunasa hata feni ikiwa dhaifu, kwa sababu imegusa mdomo. Hewa inayovutwa hutoka pande zote, kwa hiyo nguvu yake hufifia upesi mno: mdomo wa kipenyo cha sentimita 20, ukiuweka sentimita 20 kutoka kwenye kazi, pale kazini unabaki na chini ya moja ya kumi ya kasi iliyopo mdomoni. Ukiusogeza hadi sentimita 30, hata hicho kilichobaki kinapungua zaidi ya nusu. Kinachotakiwa ni kasi ya nusu mita hivi kwa sekunde pale moshi unapozaliwa. Hapo ndipo pa kupima, kwa anemometa, kifaa cha kupima kasi ya hewa. Kasi hiyo haivurugi gesi inayokinga mshono katika uchomeleaji wa MIG, kwa hiyo anayeusukuma mkono mbali akihofia vitundu kwenye mshono anajinyima bure.

Geji ndiyo iliyotupoteza kabisa. Inapima tofauti ya presha kabla na baada ya filta. Hewa ikipita kidogo, tofauti ni ndogo, na mshale unakaa kwenye kijani kana kwamba filta ni mpya. Kijani kile kilikuwa kinasema hewa inayopita ni kidogo mno.

Chanzo? Feni ilikuwa inazunguka kinyume. Feni ya namna hii hata ikigeuzwa haipulizi nje. Huendelea kuvuta, ila kidogo sana, na mlio wake hauna tofauti ya kukushtua. Zima mashine, chungulia pangaboi la mota linapokaribia kusimama, ulinganishe na mshale uliochorwa kwenye kasha. Dakika moja tu! Fundi umeme wetu alikata umeme, akafunga swichi kwa kufuli, akabadilishanisha nyaya mbili za fezi ili feni igeuke, basi.

Hapo nikataka kuipa nyota nne, nasema kweli. Moshi ulilala ubavu na kuingia mdomoni kama uzi. Lakini siku chache baadaye mshale ukaruka hadi kwenye nyekundu. Usafishaji wa filta, yale mapigo ya hewa ya kompresa, umepangwa kuanza presha ikifika kiwango fulani, na muda wote ule haikuwahi kukifika. Vumbi la weldi ni laini sana, chembe nyingi hazifiki mikroni moja, nalo lilikuwa limeshagandamana kwenye mikunjo. Mapigo hayakulibandua. Hewa yetu ya kompresa ilikuwa na maji kidogo pia, hilo ni kosa letu, na vumbi likilowa huwa kama tope. Katriji zote zikatupwa. Anayezitoa avae barakoa na kuzifunga ndani ya mfuko palepale, hasa kama mlikuwa mnachomelea chuma cha pua, maana vumbi lake lina kromiamu mbaya.

Nyota tatu, basi? Nilikuwa nimeshaamua hivyo. Kisha tukaisukuma mashine hadi upande wa pili wa karakana, tukaichomeka kwenye soketi nyingine, na moshi ukarudi chini ya kidevu. Soketi ile fezi zake zimepangwa tofauti, kwa hiyo feni ikazunguka kinyume tena. Mashine ya magurudumu, iliyotengenezwa ihamishwe, haina rilei (swichi ya kujiendesha) ya kukagua mpangilio wa fezi wala plagi ambayo pini zake mbili hubadilishwa nafasi kwa bisibisi! Tumefunga plagi hiyo wenyewe, na kila ikihamishwa tunaangalia pangaboi kwanza.

Nyota mbili. Ya fundi yule sitoi.