Usifungue gemu lako la zamani kabla hujaangalia nyuma ya TV

Wadau, watu wananiulizia sana fundi wa kuwafungulia N64 (Nintendo 64) au Super Nintendo ili picha isiwe na ukungu, na mimi swali langu ni moja tu, nyuma ya TV yako kuna matundu gani? Maana unaweza ukalipa fundi mashine ikatoa RGB safi kabisa (nyekundu, kijani na bluu kila moja na njia yake) halafu TV yenyewe ina njano nyeupe nyekundu basi, hela imeenda. Ule waya wa njano ndo mchawi wa yote, rangi na mwanga vimebanwa pamoja humo ndani, ndo maana nyekundu inavuja na maandishi yanachezacheza pembeni. TV za chogo za kioo bapa, zile za mwishomwishoni, nyingi zina komponenti, yaani kijani bluu nyekundu. SCART, lile tundu pana lenye pini nyingi linalopitisha RGB, utaikuta kwenye zilizokuja kutoka Ulaya.

Sasa nikipanga mashine kwa urahisi wa kupata picha safi, namba moja kwangu ni PS2 na waya wa komponenti, hakuna kuchomelea kitu na gemu za PS1 inapiga pia. Ila waya wa njano ukiwa bado upo ingia System Configuration, pale Component Video Out hakikisha imekaa Y Cb/Pb Cr/Pr na sio RGB, ndo uhamie waya mpya. Mimi nilikurupuka nikachomeka kwanza, picha ikavurugika haitulii, nikarudi dukani na hasira zangu kumbe waya mzima, aibu tupu.

Namba mbili Wii, zile za mwanzo zenye matundu ya pedi za GameCube juu, coz diski za GameCube inasoma na waya wake wa komponenti hausumbui. Chogo nyingi hazipokei 480p (mistari yote kwa mpigo), iache kwenye 480i (mistari nusu nusu kwa zamu).

Tatu ni Mega Drive na Super Nintendo za umbo la kwanza. Hizi RGB inatoka tangu kiwandani, fundi akikwambia anakuwekea jua unapigwa! Tafuta waya wa SCART, au ule wa komponenti wa HD Retrovision ambao bei yake imechangamka. Angalizo, Super Nintendo ya PAL (ya Ulaya) kuna pini inatoa volti 12 pale ambapo ya Marekani inatoa sinki (ishara ya kutuliza picha), kwa hiyo usiazime waya wa jirani bila kuuliza. Super Nintendo ile ndogo ya baadaye RGB waliikata, hapo kweli fundi anahitajika.

Nne N64. Ifungue usome chipu ya picha, ikiandikwa VDC-NUS una bahati, kachipu ka kukuza mawimbi ka THS7374 na nyaya chache kazi imeisha. Ukikuta AVDC-NUS au MAV-NUS, RGB haipo na utahitaji bodi nzima ya kuongezea, inachomelewa kwenye vimiguu vyembamba kama nywele, fundi radio wa kawaida atakuharibia. Na hata ukifanikiwa, N64 yenyewe inapakapaka picha makusudi kabla haijatoka, RGB haifuti hilo. Kama unayo ya Marekani au Japani nunua tu waya wa S-Video (unaotenganisha rangi na mwanga), TV yako ikiwa na tundu lake.

Mwisho kabisa NES, Nintendo iliyotangulia Super. NESRGB, bodi ya kuiongezea RGB, ni kazi nzuri sana ila lazima ung'oe chipu ya picha yenye miguu 40 bila kuchana bodi. Na zile gemu zetu za kaseti za njano za kuiga msijisumbue, ndani ni tone jeusi la gundi, hakuna cha kung'oa.

Vile viboksi vya bei chee vya kugeuza AV kuwa HDMI sijavipanga popote, gemu nyingi kati ya hizi zinatoa 240p (mistari 240 kila picha) vyenyewe vinaisoma kama 480i, picha inachanika na pedi inachelewa. Na mashine ikitoka Marekani adapta yake ni ya volti 120, ukiichomeka ukutani huku kwetu hutafikia hata hatua ya kulalamikia rangi.