Ganesha mlangoni au kobe wa shaba sebuleni?

Ukitaka kuanza na pambo moja tu kwa kufuata Vastu, elimu ya kale ya ujenzi ya Wahindi, huenda ukajikuta unachagua kati ya hawa wawili.

Ganesha, mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo, huaminiwa kuondoa vikwazo. Ndiyo maana huwekwa mlangoni, au kwenye pembe ya kaskazini mashariki, Ishanya, mahali pa sala. Masharti yake ni mengi. Mgongo wake usielekee ndani, kwani huhusishwa na ufukara. Wengine huweka sanamu mbili zilizopeana mgongo, moja ikitazama nje, nyingine ndani. Halafu kuna mkonga: kwa nyumbani hupendekezwa uliopinda kushoto. Uliopinda kulia, kama wa sanamu ya hekalu la Siddhivinayak kule Mumbai, hudai ibada kali zaidi.

Kobe hana makuu. Asili yake ni Kurma, umbo la pili la mungu Vishnu, aliyebeba mlima Mandara mgongoni miungu na mashetani walipoisukasuka bahari ya maziwa. Hivyo ni ishara ya uthabiti. Wa shaba huwekwa kaskazini, upande wa Kubera, mlinzi wa mali, mara nyingi ndani ya bakuli la maji.

Kwa aliyepanga chumba kimoja, ningesema kobe bila kusita. Ganesha huabudiwa na mamilioni ya watu. Kumnunua kwa sababu tu anapendeza, kisha kumwacha avae vumbi karibu na viatu, ni kuwakosea heshima.