Kibali cha kujenga nyumba kutoka kaunti: miezi saba, nyota tatu

Nyota tatu kati ya tano. Zingekuwa mbili, ila kuna bwana afya mmoja ambaye nitamfikia.

Nyumba yenyewe si ghorofa. Ni vyumba vitatu vya kulala, sebule na jiko, kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 nje kidogo ya mji. Jina la kaunti silitaji, maana bado nina ukaguzi mbele yangu. Majirani wengi walijenga bila kibali na walinicheka waziwazi: "Mwalimu, umechoka na pesa zako?" Lakini Sacco yangu haitoi mkopo wa ujenzi bila michoro iliyopigwa muhuri. Halafu kwenye barabara yetu kuna ukuta uliochorwa X nyekundu ya kubomolewa miaka miwili iliyopita, sasa watoto wameufanya goli. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inasema anayeanza kujenga bila kibali anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, au afungwe hadi miezi miwili, au vyote pamoja. Mimi na presha yangu, hapana.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanza na ramani. Nilimpata kijana anayechora vizuri na kwa bei nafuu, nikamlipa, nikaichapisha ramani ile na kumwonyesha mama watoto. Kumbe haina maana yoyote kwa kaunti. Michoro ya jengo lazima itoke kwa msanifu majengo aliyesajiliwa, na ile ya nondo na zege itoke kwa mhandisi aliyesajiliwa, kila mmoja na muhuri wake. Kwetu ombi linaingizwa mtandaoni, na mwenye akaunti ni mtaalamu, si mwenye ploti. Nikalipia kuchorwa upya.

Kosa la pili ndilo lililokula muda, na kama utasoma aya moja tu hapa, basi soma hii. Msanifu alipopeleka ombi likarudi baada ya siku chache. Nikaenda ofisini mwenyewe. Karani akafungua kompyuta, akaniangalia kwa huruma: "Mzee, hili kwetu bado ni shamba." (Nina miaka 41.) Aliyeniuzia alikata shamba lake vipande, kila kipande kikatoka na hati yake, lakini matumizi ya ardhi yalibaki kilimo. Hati ilikuwa safi, na nilipofanya upekuzi kabla ya kununua sikuona tatizo, kwa sababu upekuzi unakuambia mwenye ardhi ni nani na kama ina deni au zuio. Haukuambii kaunti itakuruhusu kujenga nini. Ikabidi nimtafute mtaalamu wa mipango aandike ripoti, tutoe tangazo gazetini, tusimamishe bango kwenye ploti, na tusubiri siku 14 kama kuna mwenye pingamizi. Hakuna aliyepinga. Mbuzi walikula nusu ya bango. Kubadilisha matumizi kutoka kilimo hadi makazi kulinichukua karibu miezi mitatu, kabla hata mchoro haujaangaliwa. Ningeuliza swali moja katika ofisi ya mipango kabla ya kulipia ploti, ningemwachia muuzaji mzigo huo, au angalau ningepunguziwa bei.

Baada ya hapo mambo yalienda, ila kwa mwendo wa kaunti. Hati, upekuzi mpya, ramani ya upimaji, risiti ya kodi ya ardhi, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), michoro. Ada nililipa kwa simu na risiti ikaja papo hapo, hapo sina lawama. Faili likaanza kuzunguka: mipango, mhandisi, afya ya umma. Mara mfumo umelala, mara afisa yuko semina. Sheria ileile ya 2019 inasema ombi likipita siku 60 bila jibu la maandishi linahesabiwa limekubaliwa. Usishangilie mapema. Barua yangu ya "marekebisho" ilifika siku ya 52. Na hata siku hizo zingepita, Sacco wangetaka muhuri, si hesabu yangu ya kalenda.

Barua hiyo lakini ndiyo iliyoongeza nyota. Bwana afya alikuwa ameitembelea ploti kwa pikipiki, akaona kitu ambacho mimi na wataalamu wangu wote hatukukiona: tangi la maji taka lilichorwa kwenye kona inayopakana na kisima cha jirani. Kisima chenyewe kimefichwa na migomba. Tukalihamishia upande wa barabara, msanifu akarekebisha mchoro kwa siku mbili. Mama wa kisima hajui, na sina haja ya kumwambia.

Chai? Langoni kuna kijana anayejiita "wa kusaidia", akaniahidi kulisukuma faili. Sikumpa. Sijui kama ningempa ingekuwa haraka zaidi. Jirani aliyempa mwaka jana bado alisubiri miezi mitano. Kuhusu gharama, ada ya kaunti haikufika robo ya nilichowalipa wataalamu, kwa hiyo ukipanga bajeti anza na wao.

Kibali kilitoka mwezi wa saba. Mkandarasi akausajili mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, tukasimamisha kibao (mbali na mbuzi), tukachimba msingi. Kila hatua lazima mkaguzi aitwe kabla ya kufunika. Jumanne alitarajiwa saa tatu asubuhi, akafika saa nane mchana, mafundi wamelala chini ya mwembe. Akatoa tepu yake mwenyewe, akapima kutoka mpakani hadi ukingo wa msingi, akapima tena, akasaini, akaomba maji ya kunywa. Kesho tunamwaga zege.