Mbwa mwenye zoloto lililopooza: stenti, mshono au tundu la shingoni?

Ugonjwa huu huwapata zaidi Labrador wazee. Neva za zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho juu ya koo la hewa, hudhoofika, na gegedu mbili za mlango wa hewa hazipanuki tena mbwa anapovuta pumzi. Utamsikia akikoroma kama msumeno hata akiwa macho.

Usilipie kifaa chochote kabla zoloto halijatazamwa kwa usingizi mwepesi wa dawa, msaidizi akitamka "anavuta" kila pumzi inapoingia. Gegedu iliyopooza hunyonywa ndani pumzi ikiingia na kusukumwa nje ikitoka. Asiyefuatisha pumzi huona mtikisiko huo akadhani zoloto ni zima. Kwa sababu hiyo madaktari wengi huchoma doksapramu, dawa ya kuchochea upumuaji, ili mbwa avute kwa nguvu. Dai pia eksirei ya kifua: nimonia, au umio (njia ya chakula) uliotanuka, hubadilisha hesabu yote.

Nafasi ya kwanza ni mshono unaovuta gegedu moja pembeni, kwa uzi usioyeyuka. Upande mmoja tu! Zikivutwa zote mbili, mlango hubaki wazi mno, na chakula na maji huingia mapafuni. Hata kwa upande mmoja hatari hiyo hudumu maisha yote, kwa hiyo mlishe matonge laini, si unga wala makombo, na kuogelea basi.

Stenti ya silikoni, yaani kibomba kinachoshikilia njia ya hewa iwe wazi, tunaiweka ya pili, kwa mbwa asiyeweza kustahimili upasuaji. Huingizwa kwa mdomo, bila kisu. Shida ni kwamba zoloto hupanda na kushuka kila anapomeza: stenti ndogo huhama, kubwa huchubua, na makohozi huigandia. Muulize daktari atapima vipi saizi, ataishikiza kwa kitu gani, na nani ataitoa ikihama usiku wa manane.

Tundu la kudumu shingoni ni la mwisho. Hewa hupita vizuri, ila utalisafisha kila siku, na mbwa akiingia kwenye maji yenye kina atazama.

Stenti ya wavu wa nitinoli (aina ya metali) achana nayo. Hiyo ni ya koo la hewa linalobonyea, kama la Yorkshire Terrier. Huwekwa chini ya zoloto, na mlango wa hewa uliokwama uko juu yake.

Leo hii nunua mshipi wa kifuani, utupe kola. Fizi zikigeuka bluu, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya baridi huku feni ikimpuliza, na simu kwa daktari iwe tayari inaita.