Vichaka vya maua vya kupanda nyumbani: kipi ununue kwanza

Wengi tunanunua maua kwa macho, na muuza miche wa kando ya barabara analijua hilo: mbele anapanga vilivyochanua. Lakini kitakachoamua kama kichaka kitachanua tena ni maji uliyonayo na udongo wa uwanja wako. Nimevipanga kwa kigezo hicho, kwa nyumba ambayo bomba halitoki kila siku.

1. Bogenvilia. Sioni wa kushindana nayo. Asili yake ni Amerika ya Kusini, ila jua la huku imelizoea kuanzia Mombasa hadi Dodoma. Ile rangi ya waridi au zambarau si ua, ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kile kidogo cheupe katikati. Ikishashika, kinachoiharibu ni huruma. Imwagilie kila jioni na kuirushia mbolea ya Urea, utapata majani mabichi tele na maua ya kuhesabu. Acha udongo ukauke kwanza. Siku ya kupanda, chana kiriba, ule mfuko wa plastiki wa mche, kwa wembe na ushushe bonge la udongo zima zima, maana mizizi yake hukatika upesi na mche uliokung'utwa huenda usipone. Ina miiba mikali, kwa hiyo ipeleke ukutani, mbali na wanapochezea watoto.

2. Plambago. Anayetaka rangi ya samawati achukue hii. Imetoka Afrika Kusini, ukame inauvumilia, na huchanua kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo usiogope mkasi: ipogoe sana kabla ya mvua. Kikombe cha chini ya ua kinanata. Watoto huvibandika masikioni wakajifanya wamevaa hereni. Ubaya wake, huchipua kutoka mizizini na kuvamia jirani.

3. Haibiskasi. Rangi nyingi, lakini ua moja ni la siku moja tu. Inapenda maji, na wadudu weupe wenye utando wanaojificha chini ya majani wanaipenda zaidi.

4. Iksora. Ingekuwa juu, kama si udongo wa Pwani. Inataka udongo wenye tindikali kidogo, na Unguja na Mombasa sehemu nyingi zimekalia mawe ya matumbawe, yaani chokaa. Utaona majani machanga yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani: madini ya chuma yamo udongoni, ila mmea hauwezi kuyachukua. Samadi peke yake haitibu. Ukiitamani sana, ipande kwenye chungu chenye udongo ulioletwa kutoka kwingine.

Lantana usinunue hata ukipewa bei ya bure; imeshavamia malisho ya kutosha na ni sumu kwa mifugo. Oleanda nayo ni sumu kuanzia jani hadi ua.

Kabla ya kulipa, shika shina uvute polepole. Likianza kutoka, hicho ni kijiti kilichochomekwa juzi, hakijaota mizizi. Kisha geuza kiriba: mizizi ikiwa imejizungusha chini hadi udongo hauonekani, mche umekaa hapo muda mrefu mno. Chagua wenye matumba kuliko uliokwisha kufunguka wote. Na mche mfupi uliotoa matawi matatu kutoka chini ni bora kuliko mrefu wa shina moja, hata muuzaji akikuambia huo mrefu "umekomaa".