TAHADHARI: Viti vya gari vya watoto "vipya kutoka Uingereza" vinavyouzwa WhatsApp Kampala

Wazazi wenzangu wa Kampala, Entebbe na Mukono, someni hii kabla hamjatuma hela.

Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya akina mama akiuza viti vya gari vya watoto wachanga. Picha zinavutia, na kila siku vimebaki viwili tu. Anataka shilingi 280,000, anadai ana duka Kikuubo. Duka hilo halipo. Unalipa zote kwa mobile mani, kiti kinaletwa na bodaboda, na boda hasubiri ukikague.

Dada yangu ana mtoto wa miezi mitano, naye aliletewa kimoja. Niliposhika mkanda tu nikashtuka: mshono wa begani ni uzi wa kawaida wa fundi cherehani, rangi yake mbali na mishono mingine. Tukavua kitambaa. Kumbe kipya ni hicho kitambaa peke yake! Chini yake povu gumu jeupe, kama lile la boksi la televisheni, limepasuka upande wa kichwa na kuungwa kwa gundi. Stika ya rangi ya machungwa yenye herufi E ndani ya duara, inayoonyesha kiti kimepimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa (R44 au R129), imekwanguliwa. Lakini mgongoni, kwenye plastiki yenyewe, kuna kiduara chenye mshale wa mwezi na tarakimu za mwaka katikati. Hicho hakikwanguliki kirahisi. Kilisomeka 09.

Watengenezaji wengi hukipa kiti umri wa miaka 6 hadi 10, kwa sababu plastiki hudhoofika kwa jua na joto. Na kiti kilichopata ajali kubwa hakifai tena hata kikionekana kizima. Povu lile kazi yake ni kubonyea ili kichwa kisipokee kishindo chote, likishapasuka, basi. Mzazi anamfunga mwanawe, anashika barabara ya Masaka moyo umetulia, na mtoto hana kinga yoyote ya maana. Hilo linaniuma kuliko hela.

Isitoshe, muuzaji alimshauri dada akifunge kiti mbele, kikitazama nyuma, ili amwone mtoto akiendesha. Msithubutu! Mfuko wa hewa wa abiria ukifumuka hupiga mgongo wa kiti hicho, na unaweza kumuua mtoto. Mchanga anakaa siti ya nyuma ya gari, akitazama nyuma. Viti vya R129 vinataka atazame hivyo mpaka apite miezi 15.

Tulipodai hela zetu akatutukana, kisha akatubloku. Sasa yuko kwenye namba nyingine na picha zilezile, kwa hiyo msitegemee namba. Mtambueni kwa jambo moja: hakubali kiti kivuliwe kitambaa kabla ya malipo. Mtumba si dhambi, wengi wetu ndio tunaoumudu, lakini vueni kitambaa, someni mwaka, kagueni mishono, ndipo mlipe.

Mliokwisha kuuziwa, tunzeni jumbe zake na ujumbe wa muamala, mzipeleke polisi na UNBS (shirika la viwango la Uganda). Kiti chenyewe msikitupe hivihivi: kateni mikanda yote na mwandike KIBOVU mgongoni kwa maka pen, kisiokotwe kikauzwa tena.