Kemo au virusi vilivyoundwa?

Mjomba aliniuliza barazani hapa Lamu, kahawa ikimpoa mkononi: aendelee na kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani yake, au atafute virusi alivyosikia redioni? Kemo twaijua: boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, dripu, kisha nywele kwenye foronya, maana dawa hupiga kila seli inayogawanyika haraka. Virusi hivyo hubadilishwa jeni vizaliane ndani ya seli za saratani, vizipasue, viamshe kinga ya mwili. Homa hufuata. Marekani iliidhinisha tiba moja ya aina hiyo, T-VEC, iliyotokana na kirusi cha malengelenge ya mdomo, mwaka 2015, tena kwa melanoma tu, aina ya saratani ya ngozi. Nikamweleza kuwa akijiunga na majaribio ya awamu ya kwanza, hayo hupima hasa usalama na kipimo cha dawa. "Kumbe mimi ndiye kipimo!" akacheka. Nikamwambia kemo asiikatize kabla hajaonana na daktari wake.